Pampu ya Dhahabu na Kilima cha Machimbo

Injinia hakuwahi kukalia dawati la chuo chochote, na hili tuliseme mapema ili wahandisi wa kweli wasije wakatushitaki. Cheo hicho alijipa mwenyewe asubuhi moja mbele ya kioo, akaona kimemkaa vizuri, akatoka nacho. Alikuwa na ovaroli ya buluu isiyojua grisi, kalamu tatu kifuani na sauti ya kubembeleza mgonjwa anywe dawa. Ofisi yake ilikuwa mtaa mzima wa magereji, pale ardhi ilipogeuka nyeusi kwa oili na kila mtu anagonga kitu.

Jumatatu hiyo aliona lori. Lilikuwa kuukuu, la dizeli, boneti wazi, na mbele yake mama mmoja wa makamo amesimama mikono kiunoni, akilitazama kama mume aliyetoka sokoni bila mboga. Mtaani walimwita Mama Kokoto, kwa kuwa hiyo ndiyo mizigo yake.

Injinia hakumtazama mama. Aliitazama pampu ya dizeli ubavuni mwa injini, na moyo ukamruka. Ilikuwa ile ya zamani, ya chuma kizito, ambayo kiwanda chake kiliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita. Upande wa pili wa mji kulikuwa na tajiri mmoja mwenye mitambo ya kusaga mawe aliyekuwa akiitafuta pampu hiyo kwa udi na uvumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Linakohoa?"

"Kukohoa si neno. Tambarare linakwenda, lakini likiona kilima linatoa udhuru. Na Jumamosi mkandarasi anataka kuliona likipanda kilima cha machimbo na mzigo kamili. Likipanda, kazi ya mwaka mzima ni yangu. Likikwama, anampa mwingine, nami nalikatakata niuze chuma."

Injinia aliinama, akaigonga pampu kwa kalamu mara mbili, akatega sikio. Kisha akatikisa kichwa kwa huzuni, huzuni ambayo alikuwa ameifanyia mazoezi.

"Pole sana, mama. Hii pampu inasukuma mafuta kwa huruma tu. Hapa inatakiwa mfumo mpya wa mafuta. Nami ninao, tena wa kuchagua."

Hapo kwenye kuchagua ndipo palipokuwa na ufundi wake wote. Injinia alishagundua kwamba ukimpa mtu kitu kimoja, atakuuliza kama anakihitaji. Ukimpa vitatu, atakuuliza kipi kizuri zaidi, na lile swali la kwanza atakuwa amelisahau nyumbani. Basi kesho yake alikuja na maboksi matatu: jekundu, la fedha na la dhahabu. Ndani ya kila moja mlikuwa na pampu mbovu ya aina ileile, ya kuokota kwa wauza vyuma chakavu, iliyopigwa rangi ya boksi lake. Ya dhahabu ilikuwa haijakauka vizuri.

Mama Kokoto alivuta kigoda, akakaa, akavaa miwani.

"Nieleze taratibu. Jekundu?"

"Jekundu ni la kawaida, mama. Litakupandisha, lakini kwa manung'uniko."

"La fedha?"

"La fedha ni la watu wenye haraka. Tatizo lake linakunywa."

"Linakunywa kiasi gani?"

"Kama shemeji kwenye harusi."

"Na la dhahabu?"

Injinia alishusha sauti. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kana kwamba viwanda vya dunia nzima vimetuma wapelelezi pale gereji.

"La dhahabu, mama, halinywi. Linanusa tu. Moshi wake mweupe, unaweza kuanika shuka juu ya ekzosi. Nguvu yake naogopa hata kuitaja mbele ya lori, lisije likajisikia."

"Ehee. Na hilo unaniuzia vipi?"

"Sikuuzii. Umenikumbusha mama yangu mzazi." Mama yake mzazi, ikiwa mtu angependa kujua, alikuwa hajaongea naye tangu alipomuuzia friji isiyo na mota. "Wewe nipe tu hilo lichuma lako la zamani nikalitupe mbali, lisije likamdhuru mtu."

Mama Kokoto alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Nachukua la dhahabu. Lakini mtaa huu una utaratibu wake, unaujua. Fundi aliyefunga kitu anapanda kabini siku ya jaribio, lori likiwa na mzigo, na hakabidhiwi chake mpaka kileleni. Pampu ya zamani nitaifungia stoo mpaka Jumamosi."

Injinia aliujua utaratibu huo kwa kuusikia. Hakuwahi kupatwa nao, kwa sababu siku ya jaribio yeye huwa mji mwingine. Lakini alipoifikiria ile pampu ya chuma kizito, akajikuta anasema, "Hakuna shida, mama."

Jumatano akaifungua ya zamani, kazi iliyomchukua nusu siku na kucha mbili, akaifunga ya dhahabu. Mama akapiga stata. Lori likapiga chafya moja, likanyamaza. Akapiga tena. Halikujibu hata kwa adabu.

"Inazoea mazingira," Injinia akasema, jasho linamtiririka.

"Izoee upesi. Leo Jumatano."

Hapa mjanja wa kawaida angetoroka. Tatizo la Injinia ni kwamba alishaihesabu ile pampu kuwa yake, na kitu ulichokwisha kukihesabu hakikuachi ulale. Alizunguka magereji akiuliza fundi anayejua dizeli kweli kweli, na kila aliyemuuliza alimwonyesha mtu mmoja: msichana mwembamba waliyemwita Dada Spana, aliyelala chini ya basi, miguu tu ndiyo ikionekana.

Dada Spana alikuja, akafungua boneti, akaitazama pampu ya dhahabu. Akachungulia tangi. Akafungua filta, akaimimina kiganjani, yakatoka matope.

"Nozeli zimekwisha, zinakojoa badala ya kupuliza. Filta imeziba. Tangi lina matope ya kupanda mpunga. Lete nozeli mpya, seti nzima, na zisiwe za kuigiza. Filta mbili na bomba jipya la mafuta. Na ufundi wangu unalipwa kwanza."

"Na pampu?"

"Pampu niachie mimi. Wewe leta vitu, kisha usinisimamie. Nikisimamiwa, nafunga spana zangu naondoka."

Injinia alisikia alichotaka kusikia. Alhamisi kabla ya adhuhuri pikipiki yake ilikuwa imepata mwenyewe mwingine, na yeye, kwa mara ya kwanza maishani, aliingia dukani akanunua vipuri halisi, vya bei halisi, akaomba na risiti. Ijumaa jioni akasikia kwamba lori linanguruma. Alilala usingizi wa mtoto.

Jumamosi asubuhi alipanda kabini, Mama Kokoto kwenye usukani, Dada Spana katikati akiwa na furushi lake la spana mapajani. Nyuma yao kulikuwa na kokoto mpaka juu. Kilima cha machimbo kilisimama mbele yao, chekundu, na juu kabisa alionekana mkandarasi chini ya mwavuli.

Mama alipachika gia ndogo. Lori likaanza kupanda. Katikati ya kilima, pale linapokwama siku zote, likashusha sauti, likatetemeka. Mama Kokoto alikuwa akizungumza nalo kwa sauti ndogo sana, na Injinia alimwona midomo ikimcheza na macho yamejaa machozi, akaona aibu, akatazama dirishani. Kisha injini ikavuta pumzi, ikakaza, magurudumu yakang'ata ardhi. Wakafika. Moshi haukuwa wa kuanikia shuka, lakini ulikuwa wa heshima.

Mkandarasi alikuja akicheka, akampa mama mkono.

"Jumatatu saa kumi na mbili uwe hapa. Mwaka mzima."

Mama Kokoto alishuka, akajifuta uso kwa kanga, akavuta kitu nyuma ya kiti. Lilikuwa boksi la dhahabu.

"Mwanangu, shika haki yako."

Injinia akafunua. Pampu ya dhahabu ikamng'aria usoni.

"Mama, tulisema ile ya zamani."

"Ile ya zamani ndiyo iliyotupandisha. Huyu binti kaisafisha, kairudisha mahali pake. Wewe ulisema mbovu, ya kutupwa. Nitakulipaje uchafu mbele za watu, wewe uliyenitendea wema hivi? Chukua iliyo bora kuliko zote."

"Shangazi," Dada Spana akasema, akimgeukia mama, "si nilikwambia tangu mwezi uliopita ni nozeli na matope ya tangi tu?"

"Uliniambia, mwanangu. Ila vipuri ulinitajia bei, nikasema nikae barabarani na boneti wazi, huenda atapita mwenye moyo."

Injinia alimtazama mmoja, akamtazama mwenzake.

Mkandarasi akawasogelea. Alikuwa amelitazama boksi kwa macho ya tamaa.

"Kumbe wewe ndiye injinia mwenyewe? Na hii ndiyo iliyo bora kuliko zote? Nina lori langu pale bondeni, limejaa mawe. Nifungie hiyo sasa hivi, nawe upande kabini tulijaribu kuupanda ule mteremko. Vijana, mleteeni kiti mgeni!"

Injinia aliutazama mteremko. Aliwatazama vijana, wanne, wenye mikono ya kuvunjia mawe. Akaliweka boksi chini polepole.

"Hakuna shida, mzee. Ngoja tu nikachukue spana."

Akaanza kushuka kilima, mwanzo kwa mwendo wa kihandisi, kisha kwa mwendo mwingine.

"Kaka Injinia!" Dada Spana akapaza sauti, ameliinua furushi lake juu. "Spana zote ninazo hapa!"

Hakugeuka.