Faili la Jenereta ya Dizeli

Jumatatu, 3 Machi

Kiti cha mkuu wa kitengo kiko wazi. Kiti changu! Miaka kumi na moja nahesabu shoti za laini, leo bosi anasema atakikabidhi kwa atakayepanga vizuri relei ya mtambo mpya wa sola, ile inayokata umeme laini ikipigwa shoti. Mshindani wangu? Shemeji! Kaka wa mke wangu. Niliyemwombea kazi mwenyewe. Shukrani ya punda!

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kawaandikia watengenezaji wa inveta, mashine zinazogeuza umeme wa paneli uingie kwenye laini. Anauliza shoti ikitokea zinatoa umeme kiasi gani. Kuuliza! Mimi nimefungua faili la zamani la jenereta ya dizeli, nikafuta "dizeli", nikaandika "sola". Dakika nne. Kompyuta haikulalamika. Umeme ni umeme.

Jumatano, 5 Machi

Nimewasilisha wa kwanza, na bosi kaamuru mpango wangu uwekwe kwenye relei leo leo. Shemeji kanifuata koridoni, eti shoti ikitokea jenereta humwaga umeme mara sita ya kawaida, lakini inveta hujibana, haiongezi hata robo. Eti relei yangu inasubiri mafuriko na itapata manyunyu. Nimemwambia wivu haujengi. Nyumbani mke naye kasema nimsikilize kaka yake. Nimekasirika mpaka chai imenipalia.

Ijumaa, 7 Machi

Tawi limeangukia laini. Relei yangu ikalala fofofo! Cheche dakika nzima, waya ukaungua, ukakatika, ukadondokea gari la bosi. Jipya. Hakuwemo ndani, namshukuru Mungu. Akauliza nani kapanga relei. Wote wakanigeukia, hata mlinzi wa getini. Yeye anajuaje?

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji kapewa kiti. Sasa ananiita ofisini, ananiambia kwa upole wa kuudhi kwamba kanitetea nisifukuzwe. Kanipa mtambo wa betri niupangie relei. Ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Kasisitiza mara mbili kwamba betri nazo hupitia kwenye inveta. Nimeitikia. Kunifundisha kazi, mimi!

Betri hazina paneli, hazina hata habari na jua. Ni kitu kingine kabisa. Nimefungua faili langu, nimefuta "sola", nimeandika "betri".

Dakika tatu!