Nyekundu Yangu ya Katikati

Jumatatu, 10 Novemba

Anayeandika ni Fumiyo, mke wa mwanangu. Mimi, Tome Isono, nasema tu. Shule niliiacha nikaenda kuchuma chai, na kalamu na mimi hatujawahi kuelewana.

Habari kubwa leo. Mzee Kamoshida nyonga imemgomea. Ameshuka kwenye gari la studio kama anashusha kabati. Huyu Kamoshida ndiye Tufani Nyekundu, mkubwa wa Wapiganaji wa Tufani, wale mashujaa wa sinema, tangu filamu ya kwanza, miaka hamsini na mbili sasa, enzi hizo ana nywele. Mimi ni Tufani Pinki, tangu hiyo hiyo ya kwanza. Tuko watano, na Nyekundu ndiye husimama katikati. Kwenye bango, kwenye boksi la biskuti, kwenye soksi za watoto, yeye katikati, mimi pembeni, bega limekatwa. Nimechoka kukatwa bega.

Kuruka hakunitishi. Kinyago kikishuka, anayerukaruka ndani ya vazi ni kijana mwingine kabisa. Sisi wa zamani tunatoa uso, sauti na ule mkao wa kubadilika kuwa shujaa. Uso ninao. Nina miaka sabini na saba. Fumiyo, hiyo usiandike. Studio wanajua nina sitini.

Kamoshida akistaafu, Nyekundu ni yangu. Nimekula keki za mchele mbili na daktari asiambiwe.

Jumatano, 12 Novemba

Mbinu ya kwanza. Nimempelekea Kamoshida zawadi, mkongojo. Mzuri, mti wa mcheri, na kengele ndogo juu. Nia yangu autazame, ajione alivyozeeka, aende nyumbani mwenyewe bila kusukumwa.

Zawadi yangu haikuchelewa kujibiwa. Chakula cha mchana hakijafika, dereva wake kaniletea boksi, nami nikalifungua mbele za watu, mjinga mimi. Plasta za dawa ya magoti. Na salamu: Tome, dada yangu, harufu ya dawa yako hufika studio kabla yako, jaribu hizi, hazinuki.

Watu wa taa walicheka mpaka ngazi ikatikisika. Na yeye mkongojo kaupenda. Akitaka chai anapiga kengele, wasichana wanakimbia. Miaka yote hii hajawahi kuletewa chai haraka hivyo.

Plasta nimebandika mbili. Kweli hazinuki. Goti limetulia pia, mshenzi yule.

Alhamisi, 13 Novemba

Mbinu ya pili. Nikaona bora mwongozaji, Bwana Hanawa, anione mwenyewe nikipiga mkao wa Nyekundu. Ule wa goti moja chini, ngumi juu. Nikamsubiri penye njia yake ya kwenda chooni, maana hapo hana pa kukwepea. Alipotokea nikashuka. Kushuka nilishuka vizuri sana, marehemu mume wangu angelia.

Kuinuka sasa.

Hanawa akauliza kulikoni, Bi Isono. Nikasema natafuta hereni. Mtu mwema yule, naye akapiga magoti. Wakaja watu wa taa wawili, wakapiga magoti. Bi Nezu wa mavazi akaja na tochi. Tukatambaa wote sakafuni, na mimi sivai hereni, masikio sijawahi kutoboa, mama yangu alikataa, alisema masikio ya kutoboa yanaingiza baridi, na alikuwa na mafua mwaka mzima yeye mwenyewe. Nilikuwa nasema nini? Hereni. Wakaipata! Sijui ya nani. Ya lulu. Hanawa akanishika mkono akaniinua, akaniwekea kiganjani. Ikabidi nishukuru.

Jioni msichana wa chai analia kapoteza hereni ya bibi yake. Nikamrudishia. Nikamwambia mimi nina jicho la Nyekundu.

Jumamosi, 15 Novemba

Fumiyo, keti vizuri. Andika kwa herufi kubwa kama unaziweza.

Nimepita mlangoni kwa Bi Nezu, akawa anaongea na simu. Nikasimama kuangalia kiatu changu. Nikasikia kwa masikio yangu yasiyotobolewa: nyekundu ya Bi Isono iwe tayari kesho, na ya kichwani pia, asijue kabisa, Bwana Hanawa anataka ashtuke.

Ya kichwani pia. Vazi na kinyago!

Moja kwa moja hadi bafu la mtaa, maana ukitaka jambo lienee, liseme pale wanawake wakiwa majini hawana pa kukimbilia. Bi Sawatari, mwenye bafu, akaniuliza sasa nafasi ya Pinki ataikalia nani. Nikamwambia Pinki ni historia. Nikampa pale pale buti zangu za Pinki, nilizotoka nazo studio. Kaziweka mlangoni juu ya rafu, kazimulika taa.

Jumapili, 16 Novemba

Nimefika nimejipaka poda mpaka shingoni. Ukumbi mzima umejaa watu. Hanawa akapiga makofi, Bi Nezu akaleta trei imefunikwa. Nikainua kitambaa.

Kizibao chekundu na kofia nyekundu ya duara kama ya mtoto mchanga. Vazi la sitini. Lile wanalotuvisha tukitimiza sitini, eti tumezaliwa upya. Hanawa akasema hongera Bi Isono kwa miaka yako sitini.

Nikaivaa kofia hivyo hivyo. Akadakia Kamoshida. Akapiga kengele yake, akauliza: Tome, yaani filamu ya kwanza ulikuwa na miaka minane? Na yule mume uliyekuja naye studio, alikuwa mwalimu wako?

Walicheka wote. Hata mimi nilicheka, nikajishika mbavu. Kumbe umri wangu wanaujua, na wameniacha miaka yote.

Nikauliza Nyekundu je. Hanawa akasema Nyekundu ni Kamoshida mpaka aanguke, na Pinki ni mimi mpaka nikatae, na kesho tunapiga picha za buti. Nikakohoa.

Halafu mpigapicha akatuita. Mwenye sherehe hukaa katikati, ndivyo ilivyo. Kamoshida alinyanyuka mwenyewe, na nyonga yake ile, akaniachia kiti. Akasema, kaa, mtoto mchanga. Akasimama pembeni. Picha nimeshaiona. Mimi katikati, nyekundu tupu, mabega yote mawili. Yeye bega moja limekatwa.

Kesho alfajiri naenda kwa Bi Sawatari kuomba buti. Nitasema nazipeleka kung'arishwa. Nikitoka hapo, naenda kwa Hanawa kumwambia kwa heshima zote kwamba studio wamekosea hesabu. Nina hamsini na tisa.

Sitini ni mwakani, na katikati nitakaa tena. Andika hivyo, Fumiyo. Fumiyo, acha kucheka, andika.