Ramla Hajafa, Soma Zaidi

Jumatatu, 4 Februari 2019. Kilindoni.

Sura ya kumi na nne imekwenda kundini asubuhi, baada ya chai. Ndefu, yenye mapambo! Mpaka magharibi, jibu moja. Dole gumba, tena la Javed wa duka la vipuri. Nisijidanganye. Javed huweka dole gumba kwa kila kitu. Juzi ilipotangazwa kwamba umeme utakatika, aliweka.

Nieleze, maana shajara isiyoeleza haimfai mtu. Zamani redioni kulikuwa na mchezo ukiitwa Nyumba ya Kitongani. Mimi na mke wangu, marehemu Arafa, tulikuwa hatuukosi. Ukakatizwa ghafla: Ramla kasimama mlangoni na sanduku lake, mume yuko ndani, haijulikani anaondoka au anabaki. Badala yake wakaweka kipindi cha magonjwa ya kuku. Arafa akaniambia, wewe si mwalimu wa Kiswahili, basi endeleza. Nikaendeleza kwa mdomo, yeye akikuna nazi. Nikinyamaza tu, anasema: halafu? Neno lake lilikuwa hilo.

Siku hizi naandika, natuma kwa simu kwenye kundi la majirani. Hakuna wa kusema halafu.

Mzee Iddi, mstaafu wa boti za hifadhi ya bahari, ametuma picha ya mkia wa papa potwe. Ukungu mtupu. Ungeweza kuwa mkia wa mbuzi. Mioyo, makofi, mashaallah! Jirani yangu Kidawa kaandika subhanallah mara mbili. Kwa mkia!

Jumanne, 5 Februari.

Mpango. Mwanafunzi asipoulizwa hajibu. Hilo nimelishuhudia maisha yangu yote. Nimeituma sura upya, na maswali chini yake. Kwa nini Ramla hakuliweka sanduku chini? Ungekuwa wewe ndiye mume, ungesema nini? Jibu kwa sentensi kamili.

Javed: dole gumba. Kidawa aliuliza mshindi anapata nini, vocha au kitenge. Nikamjibu anapata maarifa. Akatoka kundini. Noorin, anayelisimamia kundi, akamrudisha, kisha akaniomba kwa adabu nyingi nisiwatishe watu kwa mitihani.

Kwenye kahawa Iddi kasema mbele za watu: Mwalimu Hemedi, hadithi yako nzuri bwana, ila haina mkia. Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Na mimi nikacheka. Moyoni, hapana.

Alhamisi, 7 Februari.

Nimekwenda dukani kwa Sakinabai. Nilimfundisha darasa la tano, nikadhani kwake sitakosa neno. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba. Nikamuuliza habari za kundi. Nzuri. Simu yake inafunguka vizuri? Inafunguka, Mwalimu. Basi! Mumewe Alihussein, ambaye macho yake hayaoni tena, alikuwa amekaa nyuma ya mzani. Akaniuliza lile sanduku lina nini ndani. Nikamwambia sina sanduku, nimekuja kununua sukari. Uzee unamwandama, maskini.

Nilipokuwa napimiwa sukari, kundini likaingia tangazo la msiba wa kijiji cha Kanga. Majibu yakamwagika! Watu ambao sijawahi kuona herufi yao hata moja wameandika. Hapo likanijia wazo. Astaghfirullah. Lakini likanijia.

Jumamosi, 9 Februari.

Nimemuua Ramla.

Sentensi ya kwanza ndiyo inayomshika msomaji. Nimeiandika hivi: Tunasikitika kutangaza kifo cha Bi Ramla binti Sudi, kilichotokea alfajiri ya leo. Maziko ni leo hii baada ya alasiri. Kisha ndipo hadithi ikaanza, ndefu, ya huzuni, na sanduku halijafunguliwa.

Majibu! Simu ilitetemeka mpaka ikaanguka kutoka mezani. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Poleni wafiwa. Mungu amlaze pema. Javed kaandika maneno! Iddi kaandika: alikuwa mtu wa watu. Nikasema moyoni, kumbe huyu bwana ni msomaji mwenye jicho. Nililia kidogo. Nikakaa barazani nikayasoma majibu yote kwa sauti, nimekielekea kiti cha Arafa.

Baada ya adhuhuri, hodi. Somoe, shemeji yangu, mdogo wake Arafa, na wanawake wenzake, masufuria na mchele kichwani. Nyuma yao wanaume, kanzu na kofia. Likaja gari kutoka Kanga, watu wamejaa hadi nyuma. Likaja jeneza la msikitini. Wakauliza maiti yuko chumba gani, waoshaji wako tayari.

Nieleze kosa lilipo. Simu huonyesha mistari michache tu ya juu. Mingine imejificha mpaka ubonyeze palipoandikwa soma zaidi. Hakuna aliyebonyeza, wote wamedhani msiba uko kwangu niliyetangaza. Hapa kwetu mtu akishaona maziko ni baada ya alasiri hasomi zaidi. Anatafuta kofia yake.

Nikawaambia Ramla ni wa hadithini. Iddi alikuwa ameegemea jembe, udongo mpaka magotini. Kasema: bwana we, kaburi nimeshalifikisha kiunoni, sasa nani ataingia? Akanitazama kuanzia unyayo hadi utosi, kama fundi anayepima mlango.

Aliyeniokoa ni Somoe. Alifunga kanga kiunoni, akasema wali uko motoni na watu wameshafika, na dada yangu hajasomewa khitma siku nyingi. Basi asomewe yeye. Na wewe shemeji, nyamaza.

Wakamsomea Arafa. Jina lake likatajwa uani kwangu na watu wengi, mmoja baada ya mwingine. Nilishindwa kula. Baadaye nikala.

Asiyekuja ni Sakinabai peke yake. Limeniuma. Hata kwenye msiba!

Jumatatu, 11 Februari.

Noorin kaniandikia, safari hii kwa adabu pungufu, kwamba ni marufuku kutangaza tena kifo cha uongo kundini. Nimekubali. Kosa ni kosa.

Nikaenda dukani kulalamika. Nilikuta mimi ndiye ninayelalamikiwa. Shikamoo yenyewe ilichelewa! Sakinabai kaniuliza Ramla kanikosea nini. Kwa nini nimuue kabla hajafungua sanduku? Bi Arafa asingekubali, kasema. Nikamuuliza kwani amesoma. Akashangaa. Kila sura anamsomea mumewe adhuhuri, duka likifungwa, tangu ya kwanza. Hakuja msibani kwa sababu alisoma mpaka mwisho, akajua hakuna wa kuzikwa. Na Alihussein tangu Jumamosi chai inapoa mbele yake.

Kwa nini basi hajaandika hata neno? Akasema: si ulitufundisha mwenyewe, Mwalimu? Anayeeleza hakatizwi.

Alihussein akageuza uso nilikokuwa nimesimama. Haya, kasema. Kafa. Halafu?

Nikafuta macho. Gunia la pilipili manga lilikuwa wazi karibu yangu, huenda ndilo. Nikamwambia ataisikia kundini, kama wengine. Nikamsihi Sakinabai aandike chochote, hadharani, watu waone. Kaahidi. Nimefika nyumbani nimekuta jibu lake.

Dole gumba. Limekaa ubavuni mwa la Javed.

Jumanne, 12 Februari.

Nimepima mambo kwa utulivu, kama inavyompasa mtu aliyesoma. Dukani: wasomaji wawili, mmoja haoni. Kwenye kifo: kundi zima, na gari la Kanga. Ushahidi hauna ubishi.

Ramla nimemrudisha. Alizimia tu, daktari ndiye aliyeharakisha. Na maneno ya Noorin nimeyasoma tena kwa makini. Kakataza kifo. Harusi hakuitaja.

Sura ya kumi na sita inaanza hivi: Mnaalikwa nyote kwenye harusi ya mdogo wake Ramla, Ijumaa baada ya swala, biriani tele. Mahali nimepataja, uani kwa Mwalimu Hemedi, maana hadithi bila mahali haiaminiki.

Arafa angeniambia, Hemedi, koma. Kisha angekuna nazi kimya kimya, akashindwa kuvumilia, akauliza bibi harusi kavaa nini.

Nimetuma. Simu inatetemeka! Hongera, hongera. Kidawa anauliza waje na sahani zao au zipo. Iddi anasema anajua pa kumpata ng'ombe.

Sakinabai naye kapiga simu katikati ya yote haya. Mumewe anauliza, halafu? Nimemwambia avumilie kidogo. Niko na wasomaji wangu.