Makro ya Zamu za Wodini

Jumatatu, 3 Machi

Baba bado wodini. Kiharusi kimemchukua mkono wa kulia na nusu ya maneno. Daktari kasema dawa anazo, kilichobaki ni sisi: kila alasiri mtu aingie, aongee naye, asiachwe peke yake hata siku moja. Mlangoni wanaruhusu mtu mmoja tu. Dada yangu mkubwa anapanga zamu kwa simu, na kila mtu ananung'unika.

Nikajitosa. Nikasema nitatengeneza makro: unaandika tarehe, kompyuta inatambua siku na kumpangia mtu. Wote wakakubali! Hata Shemeji, mume wa Dada, mwalimu wa kompyuta, ambaye Baba humsifu mbele yangu bila haya, aliitikia kwa kichwa. Raha iliyoje!

Kuna sababu nyingine, lakini siiandiki. Haya, naiandika. Jumapili kuna mashindano ya drafti kwa fundi viatu. Mwenye kupanga zamu hajipangii Jumapili.

Jumanne, 4 Machi

Makro imekamilika! Palikuwa na kikwazo kimoja tu. Unaipa kompyuta tarehe, yenyewe haikupi jina la siku, inakupa namba, moja hadi saba. Sasa hilo nalo la kuuliza? Moja Jumamosi, mbili Jumapili, tatu Jumatatu. Baba alinifundisha kwa vidole vyake kabla sijaanza shule.

Nikaongeza sharti la siri: namba ikiwa mbili, weka Shemeji. Jumapili zote zake. Kwa heri!

Shemeji kaomba aitazame kabla sijaituma. Nikamwambia kila mwamba ngoma huvutia kwake. Nikatuma orodha yake kwenye simu za wote: tarehe, siku, jina la mtu. Itaanza tarehe nane.

Ijumaa, 7 Machi

Zamu yangu, ya mwisho ya mpango wa Dada. Baba kapungua. Ndevu zimeota nyeupe, hovyo hovyo, na yeye alikuwa mtu wa kunyoa kila asubuhi hata akiwa haendi popote. Kagusa kidevu kwa mkono wa kushoto. Kasema, kwa shida, kwamba Jumapili nimnyoe. Nikamwambia: Shemeji atakunyoa vizuri. Kakataa kwa kichwa. Kasema: wewe.

Nikamwitikia ndiyo. Ningesema nini? Nikamwekea wembe na sabuni kwenye kabati la kitandani. Shemeji ataviona. Mimi nitamnyoa siku nyingine, taratibu, bila haraka.

Jumamosi, 8 Machi

Vurugu hospitalini! Dada na mdogo wetu wa mwisho wamekutana mlangoni, kila mmoja anadai zamu ni yake. Mdogo wetu alifuata tarehe, Dada alifuata jina la siku. Mlinzi kamwingiza Dada, mdogo wetu karudi nyumbani analia. Wamenipigia simu wote wawili kwa zamu. Nimewajibu makro haikosei, wanaokosea ni wasomaji. Nikazima simu. Kesho nina mashindano.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda! Fundi viatu kabaki ameshika kichwa. Kete zake tatu kwa mpigo mmoja! Nimeingia fainali wiki ijayo. Nilitamani kumsimulia Baba. Nitamsimulia zamu yangu ikifika.

Jumatatu, 10 Machi

Baba ametutoka alfajiri.

Jana hakuna aliyekwenda. Dada alijua ameshamaliza zamu yake. Shemeji alikuwa ameiweka kwenye simu tarehe kumi, kama ilivyoandikwa. Mimi nilikuwa kwa fundi viatu.

Muuguzi kanieleza bila kunilaumu. Baba aliuliza leo siku gani. Akaambiwa Jumapili. Akaomba ainuliwe akae, akaomba wembe wake. Akauweka mapajani, akatazama mlango hadi muda wa wageni ulipokwisha. Muuguzi alijitolea kumnyoa. Akakataa, akasema mwanangu anakuja.

Nimeomba maji ya vuguvugu. Nimemnyoa leo, kabla hawajamtoa. Sikumkata hata mara moja. Baba yangu. Ee Mungu wangu, Baba yangu.

Jumatano, 12 Machi

Tumemzika jana. Leo Shemeji kanikalisha nje, mbali na watu, kanieleza polepole. Kompyuta inaanza kuhesabu Jumapili. Mimi nilianza Jumamosi. Majina yote yalirudi nyuma siku moja: tarehe tisa ikaitwa Jumamosi, tarehe kumi ikaitwa Jumapili. Kasema hata yeye angepaswa kulitambua. Hakunisema. Heri angenisema, nimchukie kidogo nipumzike.

Nimeahidi mbele ya wote: nitapanga zamu za kumwagilia maua kaburini, na safari hii Jumapili zote ni zangu. Zote! Dada kasema niache tu, watakumbuka wenyewe. Nimesema hapana.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji kairekebisha makro mwenyewe, eti majina sasa yako sawa. Nimemshukuru. Alipoondoka nikayasogeza mbele siku moja, maana kosa lilikuwa la kurudi nyuma, na mimi si mtoto wa kurekebishiwa. Kuanzia kesho hata shajara hii nitaiandika kwa kutazama makro kwanza.

Jumapili, 15 Machi

Nimekwenda. Mapema, kabla ya jua kali. Nimemwagilia, nimeng'oa magugu, nimekaa pale hadi miguu ikafa ganzi. Nimemwambia: Baba, nimekuja, Jumapili, kama ulivyosema. Nimelia hadi nikaona aibu, ingawa hapakuwa na mtu.

Wakati wa kurudi nikakuta fundi viatu kafungua, anashona. Jumapili! Nikamuuliza vipi kuhusu fainali. Kasema fainali ni kesho, leo ni Jumamosi. Masikini, umri umeanza kumchezea. Sikubishana naye.

Nimemwambia kesho niwekee kiti, nitakuwapo mchana kutwa. Zamu yangu nimeshaimaliza.