Habari za Mkata Vitambaa na Mstari wa Safu ya Saba

Enyi mlioketi na mliosimama, wenye sindano mkononi na wasio nayo, tegeni masikio niwasimulie habari za Mkata Vitambaa, mwana wa mama mshonaji, mwenye mkasi usiopotoka, na mchana ule alipolikabili jedwali la mtandaoni peke yake, bila ngao wala mkuki, akalishinda.

Mkata Vitambaa alikuwa na dada yake mkubwa, Malkia wa Cherehani, ambaye alishonea nyumbani kwake ng'ambo ya barabara, maana magoti yake yalikwisha kuzikataa ngazi za duka. Mmoja alikata, mmoja alishona. Kilichowaunganisha ni jedwali: dukani lilifunguliwa kwenye kompyuta, nyumbani kwenye simu, na kila nguo ilikuwa na safu yake, jina la mwenyewe na vipimo vyake. Tena katika ukoo huo nguo haikuitwa kwa jina la mtu. Iliitwa kwa namba ya safu. Dada akisema nipe tano, tano ilivushwa barabara ndani ya mfuko.

Desturi hiyo ndiyo iliyoleta maangamizi. Kwa maana Mkata Vitambaa, kila nguo ilipokwisha, aliifuta safu yake kwa usafi wa moyo, na safu za chini zikapanda juu kama askari wanaoziba pengo la mwenzao aliyeanguka. Na dada, aliyezibeba namba kichwani tangu asubuhi, asijue kwamba sita imekuwa tano. Ndipo mikono ya koti la mwalimu wa kwaya, mtu mrefu kama mlingoti, iliposhonwa kwenye koti la kinyozi, ambaye ukimtafuta sokoni huna budi kuinama. Kinyozi alilivaa, akaiangalia mikono ikifagia sakafu, akauliza kwa upole kama kuna mtu mwingine humo ndani.

Malkia wa Cherehani hakucheka. Alitoa tamko.

"Mdogo wangu, mimi nashona tangu hujaota meno, na sijawahi kuaibika. Safu zikihama tena, nami nahama. Nabeba cherehani yangu nakwenda kukaa kwa binti yangu, nawe utabaki na mkasi wako, mkatane wenyewe kwa wenyewe."

Binti huyo aliishi mji mwingine. Na Mkata Vitambaa hakuwa na dada wa pili.

Basi siku ya vita ikafika. Muuguzi alikuja kuchukua sare yake, ambayo ilikuwa saba, na saba ikawa imekwisha. Safu yake ikiachwa vilevile, dada angeidai aishone upya. Ikifutwa, nane ingekuwa saba, na tunajua yaliyomkuta kinyozi. Ilibidi saba ife na bado isimame mahali pake. Na dada alikuwa mezani anakula. Akishanawa mikono tu, angefungua simu.

Mkata Vitambaa akajifunga kanga kiunoni, akashika kipanya. Shambulio la kwanza aliandika neno "imekwisha" juu ya jina la muuguzi, na jina likamezwa zima. Akabonyeza kishale cha kurudi nyuma, jina likafufuka. Shambulio la pili alichora mstari, lakini mstari ukaangukia chini ya visanduku, ukalala hapo kama mkeka. Shambulio la tatu aliipaka safu rangi nyeusi, na saba yote ikawa kama chumba kilichokatiwa umeme.

Saa hiyo hiyo simu ikalia.

"Nani amefariki kwenye saba?" akauliza dada.

"Hajafariki mtu, dada. Vumilia kidogo."

"Mimi navumilia. Magoti ndiyo yanauliza kama tufungashe."

Muuguzi, aliyekwisha kuona damu nyingi maishani, akauliza kama anaweza kuondoka.

Mkata Vitambaa akaiondoa ile rangi. Sasa pale juu, kati ya alama ndogondogo, ilisimama herufi S iliyochomwa mkuki tumboni. Miaka yote Mkata Vitambaa aliikwepa, akiamini kwamba atakayeigusa atafukuzwa kwenye jedwali asirudi. Akaiteua safu ya saba toka jina hadi urefu wa sketi, akaikazia macho ile herufi, akaihutubia kwa sauti ya chini:

"Ewe uliyechomwa na hukuanguka, mimi nimekata hariri ya watu bila kutetemeka. Leo kidole kinatetemeka, lakini kinakuja."

Akabonyeza.

Na tazama, mstari mmoja mwembamba ukapita katikati ya jina, kifua, kiuno na urefu, na kila neno likabaki linasomeka chini ya jeraha lake. Nane ikabaki nane.

Kwenye simu dada akasema, "Nauona mstari. Nane yangu iko palepale?"

"Iko palepale, dada."

Simu ikakatwa. Mkata Vitambaa hakujua kama hiyo ni amani au ni kufungasha. Mlango wa ng'ambo ulikuwa umefungwa. Akamuaga muuguzi, akarudi kwenye suruali ya tisa, na kwa mara ya kwanza mkasi wake ukaenda upande.

Jua lilipoanza kuingia dukani kwa dirisha la nyuma, akainua macho. Kwenye safu ya nane, bila mkono wake, mstari ukatokea juu ya jina. Ukakaa. Ukatokea kwenye kifua. Ukakaa tena. Kisha kwenye kiuno, kisanduku kimoja kimoja, kwa subira ya mtu ambaye hajui kwamba vyote hupigwa mstari kwa pamoja, wala hamuulizi mdogo wake.

Na ijulikane kwa vizazi vyote vya washonaji kwamba siku ile safu ya nane haikuhama, wala dada hakuhama.