Maji ya Buluu ya Bwana Laini

Bwana Laini aliiona riziki yake mpya akiwa amesimama nje ya dirisha la kinyozi, akitazama watu wanavyotoka. Kila aliyetoka alikuwa ameshika shingo. Karani mmoja alijikuna mpaka tai yake ikazunguka ikakaa mgongoni. Mwingine alipita amenyanyua kidevu kama mtu anayetafuta ndege angani, kumbe kola tu ndiyo inamchoma.

Kinyozi mwenyewe aliitwa Mzee Ziada, kwa sababu kwake kila kitu kilikuwa na ziada yake: povu zito ziada, taulo la moto ziada, na kuonyeshwa kisogo chako kwenye kioo cha pili, ziada pia. Alinyoa haraka kwa wembe wa kukunja, akiupandisha kinyume cha ndevu, kisha akampaka mteja spiriti tupu. Mteja akikunja uso, aliambiwa hiyo ndiyo dalili ya usafi.

"Hapa pana pesa," Laini akajisemea, "zimelala tu, hazina wa kuziamsha."

Laini hakuwa na mali duniani isipokuwa koti moja zuri, ulimi, na mashavu yaliyompa jina na mlo. Akaingia, akaketi, akaomba anyolewe taratibu, wembe ukishuka pamoja na ndevu. Mzee Ziada alipoishika chupa ya spiriti, Laini akamzuia mkono kwa upole wa daktari. Akatoa kichupa mfukoni, akajipaka, akafumba macho kama mtu aliye kwenye sala. Uso haukukunjamana hata kidogo. Waliokuwa kwenye benchi wakaacha kuongea, na Mzee Ziada mate yakamtoka.

Kichupa kile kilikuwa na losheni ya kweli, iliyonunuliwa kwa bei ya kweli, jambo lililomuuma Laini kila alipolikumbuka. Lakini katoni aliyomwahidi Mzee Ziada ilikuwa habari nyingine: maji ya bomba, spiriti kidogo, tone la buluu ya kufulia, na manukato ya kuzugia. Mpango ulikuwa auze, apokee, aingie mitini na nauli ya kufika mbali, kabla shingo za watu hazijaanza kuwasha.

Maji hayo aliyapikia jikoni kwa bibi mjane aliyempangisha chumba. Bibi huyo alikuwa na tabia ya kumwekea chai bila kuombwa, na kumfunikia chakula kwa sahani ili kisipoe. Laini alipotoka kwenda kuchapisha lebo, bibi alifungua chupa moja, akanusa, akamhurumia. Kijana wa watu, akawaza, ana haraka mpaka amesahau kutia dawa. Marehemu mumewe alikuwa na ngozi korofi, na miaka yote ya ndoa bibi ndiye aliyempaka uso baada ya kunyoa. Basi akamwaga maji yote, akachuja ute wa mshubiri kwa kitambaa safi, akatia maji ya waridi na shabu kidogo, akajaza chupa upya. Tone la buluu akalirudisha, asimharibie kijana mapambo yake. Hakumwambia. Aliona haya kumsahihisha mtu mzima.

Laini akauza katoni, akapokea chake, akarudi mbio kufungasha. Akalivua koti ili afunge mzigo; kugeuka, akalikuta linaelea kwenye beseni.

"Lilikuwa na doa la sabuni kwenye kola, mwanangu," bibi akasema. "Huwezi kutembea hivyo."

Mvua ikanyesha, koti likagoma kukauka, na tapeli asiye na koti ni mtu wa kawaida tu. Siku ya tatu Mzee Ziada akabisha hodi. Laini akazama uvunguni kwa wepesi wa mtu mwenye uzoefu, na kutoka huko akasikia jambo ambalo hakuwahi kulisikia tangu aanze kazi: mteja anamsifu. Shingo zimepoa. Karani amerudi na shemeji zake. Mzee Ziada anataka katoni kumi, na malipo amekuja nayo.

"Yuko wapi huyo mtaalamu?"

"Yuko chini ya kitanda," bibi akajibu. "Nadhani anatafuta kiatu."

Tangu hapo Laini akapatwa na jambo la hatari: akaanza kuiamini dawa yake. Kwanza alidhani ni bahati, kisha akadhani ni ile buluu. Mwishowe akaamua kwamba ni mkono wake, kipaji cha kuzaliwa kilichokuwa kinapotea bure kwenye utapeli. Habari za kuondoka akazisahau. Akapika katoni kumi kwa heshima zote, na kwa kuwa sasa aliijali bidhaa, akazidisha spiriti iwe na nguvu.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama.

"Umetia kila kitu, mwanangu?"

"Kila kitu, Bibi."

"Hujasahau chochote?"

"Nisahau mimi? Kitu kiko kwenye damu hiki."

Bibi akatikisa kichwa, akarudi kwenye ufumaji wake.

Siku ya kukabidhi mzigo, Mzee Ziada alikuwa amewaita vinyozi wa mtaa mzima, akitaka kuwauzia kwa bei yenye ziada. Laini akakalishwa kiti cha katikati. Kichupa cha mfukoni hakukigusa. Akaagiza anyolewe kama wanavyonyolewa wengine, kinyume cha ndevu, tena mara mbili, halafu wamfungulie chupa yoyote kutoka katoni yoyote. Tapeli timamu asingesema hivyo hata angeshikiwa panga. Hayo yalikuwa maneno ya mtu mwaminifu.

Wembe ukapanda, ukapanda tena. Mzee Ziada akamimina kiganja kizima, akampaka kuanzia mashavu hadi shingo.

Kwa muda kidogo Laini alitabasamu. Kisha vidole vya miguu vikajikunja ndani ya viatu, na machozi yakaanza kushuka.

"Unalia?" kinyozi mmoja akauliza.

"Nimefurahi tu."

"Mbona unapiga kiti mateke?"

Laini akaruka, akatumbukiza kichwa kwenye ndoo ya kusuuzia mataulo. Alipokitoa, uso ulikuwa umevimba, na buluu imekaa kwenye kila mchubuko. Vinyozi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Ziada hakucheka. Alimpekua mifuko, akachukua malipo ya katoni kumi, akachukua na yaliyobaki ya katoni ya kwanza, kisha akamdai pesa ya kunyolewa, na maji ya ndoo yakiwa ziada.

Laini alizunguka vichochoroni mpaka jioni, akaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Bibi alikuwa na bakuli la ute wa mshubiri na kitambaa cha maji baridi. Akamkalisha, akaanza kumpaka taratibu. Moto ukapungua palepale, na akili ya Laini, iliyokuwa likizo siku zote hizo, ikarudi kazini.

"Bibi, ile katoni ya kwanza ulitia nini?"

"Hiki hiki."

"Na zile kumi?"

"Sikuzigusa."

Alitaka kukasirika, lakini uso haukumruhusu. Akauliza kwa unyonge kwa nini mara ya pili alimwachia aibu yote ile.

"Mara ya kwanza nilidhani umesahau," bibi akasema, akichovya kitambaa. "Mara ya pili nikaona hujasahau."

Bibi akamweleza kwamba Mzee Ziada alipita mchana kutafuta kama kuna pesa zimefichwa, naye bibi akampa chupa moja aliyoitengeneza mwenyewe ajaribu, na sasa mzee ameagiza mzigo wa kila wiki. Mishubiri ni mingi, ila yeye bibi hana maneno ya sokoni.

"Utanilipa?" Laini akauliza.

"Tukishakata kodi ya chumba, tutazungumza. Hebu inua kidevu, huku chini ndiko umeumia zaidi."