Behewa Lililochungulia Njia Kuu

Njooni, enyi wenye masikio, sogezeni viti na nyamazisheni vijiko, niwasimulie vita vilivyopiganwa chini ya kanisa la Walutheri, huku kwetu Nebraska, juu ya meza ndefu yenye reli, milima ya makaratasi na ng'ombe wasiozidi punje ya mchele.

Shujaa wake ni Verlin Hruska, simba wa mabehewa, mwenye tumbo lililowahi kubomoa daraja kwa kuinama tu. Mara kadhaa alikuwa ameichelewesha treni ya haraka, fahari ya chama chetu cha treni ndogo za mfano, hata wazee wa chama wakatamka hukumu: akiichelewesha tena, rimoti ya kuendeshea treni anapewa Wendell Tiedtke, hasimu wake tangu ujana, naye Verlin aende jikoni akakoroge maharage ya pilipili mpaka kufa kwake.

Basi siku hiyo akalisukuma behewa la ngano hadi njia ya pembeni, mbele ya ghala. Akachomoa mkuki wake, kijiti cha mshikaki, akaupenyeza kati ya behewa na injini, akavitenganisha kama kadhi atoaye talaka. Injini akaikimbiza mafichoni, kisha akashika redio.

"Mwongozaji, njia kuu iko wazi. Leta treni."

Mwongozaji, mwenye kuamuru kila treni, huketi nyuma ya pazia asiione meza. Naye alikuwa Ardith, mkewe.

"Una hakika, Verlin?"

"Hakika kabisa, mpenzi."

"Mpenzi yuko nyumbani. Hapa unaongea na mwongozaji. Treni inakuja."

Ndipo Verlin alipotazama tena mezani. Behewa lilikuwa limerudi nyuma kidogo, upana wa kucha, na mkia wake ulichungulia njia kuu! Swichi za kugeuzia njia zilikwisha kufungwa kwa ajili ya treni ya haraka. Injini yake haikuwa na njia ya kurudi kulisukuma. Na sheria iliyo mama wa sheria zetu yasema: mkono wa mtu usiguse behewa, kwa kuwa katika reli za kweli hakuna mkono ushukao kutoka mawinguni.

Wendell akamsogelea, shavu limejaa mkate wa mdalasini. "Kidole kimoja tu, mzee mwenzangu. Nani ataona?"

"Wewe, nyoka we!"

"Mimi? Mbona nimefumba macho."

Hakuwa amefumba.

Taa ya treni ikachomoza handakini. Hapo simba akapiga magoti, na magoti yakalia kama mlango wa zizi. Akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikaomba dua, akapuliza. Ng'ombe wakaanguka makundi kwa makundi. Msitu ukalala. Behewa likatetemeka, likasita kama bibi harusi, kisha likabingirika taratibu mpaka mbele ya ghala, na treni ya haraka ikapita ikinguruma kama nyuki.

"Kapuliza!" Wendell akafoka redioni, makombo yakiruka. "Mwongozaji, mumeo kalipuliza behewa!"

"Kwa mkono?"

"Kwa mdomo!"

"Sheria inakataza mkono. Halafu hii ni Nebraska, Wendell. Upepo wa hapa umewahi kumwomba nani ruhusa?"

Ukumbi ukalipuka kwa vifijo, watu wazima wakakumbatiana, na Verlin akalia waziwazi, rimoti kifuani. Na ijulikane kwa vizazi vyote: siku ile treni ya haraka iliingia stesheni kwa wakati wake, na abiria wake wote, ambao hawakuwemo, wakashuka salama.